Mabao yakipungua, mchawi asitafutwe kwanza

Ekipe ikimaliza msimu na mabao machache kuliko ya mwaka uliotangulia, mjini Uvira kesi huanza kabla jua halijazama nyuma ya milima ya Mitumba. Washitakiwa ni walewale watatu. Wa kwanza ni mshambuliaji: amezeeka, ameshiba, anakunywa. Wa pili ni kocha: hajui mpira, anapanga watoto wa ndugu zake. Wa tatu hana jina, lakini kila mtu anadai kumjua: ni yule aliyefukia kitu mbele ya lango usiku. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu hukumu hutoka haraka, na karibu kila mara mtu mmoja ndiye anayebebeshwa mzigo wa msimu mzima.

Hukumu hiyo ina gharama. Kijana wa miaka 19 anayeitwa mkosi mbele ya kartie nzima huacha mpira. Pesa ambazo zingenunua mipira miwili hupelekwa kwa fetishi. Kocha anayefundisha bila mshahara hufukuzwa, na msimu unaofuata huanza sifuri. Kisha mabao hayarudi, kwa sababu kilichoyaondoa hakijaguswa.

Wakaaji wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika wanaufuata mpira wa Tanzania kama wa kwao. Lugha ni moja, ziwa ni moja, na majina mengi yaliyong'aa Dar es Salaam miaka ya karibuni ni ya Wakongomani: Fiston Mayele, Djuma Shabani, Yannick Bangala, Henock Inonga, Jean Baleke, Max Nzengeli. Ndiyo maana mfano mzuri wa jambo hili hauhitaji kutafutwa Ulaya. Uko Kariakoo, kwa Simba na Yanga, katika misimu miwili iliyofuatana: 2022/23 na 2023/24.

Mabao 16 yaliyopotea

Msimu wa 2022/23 Simba ilifunga mabao 75 katika mechi 30 za ligi kuu ya Tanzania. Hakuna timu iliyofunga mengi kuliko hiyo mwaka ule, hata Yanga waliotwaa ubingwa kwa mabao 61. Mwaka uliofuata, mechi zikiwa zilezile 30, Simba ilifunga 59. Mabao 16 yalipotea. Wastani ulishuka kutoka mabao mawili na nusu kwa kila mechi hadi chini kidogo ya mawili.

Mabao hayo hayakuwa mapambo. Simba ilimaliza ligi ikiwa na pointi 69, sawasawa na Azam, lakini Azam walikuwa mbele kwa tofauti ya mabao 8. Simba ikawa ya tatu na kukosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ni kweli kwamba ulinzi wake nao ulilegea, kwani uliruhusu mabao 25 badala ya 17 ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, kama safu ya mbele ingefunga kama ilivyofunga msimu uliopita, nafasi ya pili ingebaki Msimbazi.

Mashabiki walipotafuta mkosaji, walimtafuta alikozoea kupatikana: mbele, kwa wafungaji. Lakini upande wa pili wa mtaa kulikuwa na jambo lililowapa jibu tofauti, na wengi hawakulitazama.

Katikati ya mwaka 2023 Fiston Mayele aliondoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri. Mkongomani huyo alikuwa amefunga mabao 17 ya ligi na kugawana kiatu cha ufungaji bora na Mrundi Saido Ntibazonkiza wa Simba. Mabao 17 kati ya 61 ni zaidi ya robo ya mabao yote ya timu. Kama ni kweli kwamba mashambulizi ni mtu mmoja, Yanga ilipaswa kushuka hadi mabao 44 hivi. Haikushuka. Msimu wa 2023/24, bila Mayele, Yanga ilifunga 71 na kutwaa ubingwa tena.

Timu iliyopoteza mfungaji wake mkubwa ilipanda. Timu iliyokuwa na mabao mengi kuliko zote ilishuka. Anayedai kwamba mabao huja na kuondoka na mshambuliaji mmoja, hesabu hizi mbili zinamkatalia.

Nini kilibadilika Msimbazi

Jibu la haraka ni makocha. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1 na Yanga, na siku chache baadaye kocha Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, aliondoka. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, ambaye naye aliondoka mwishoni mwa Aprili 2024. Juma Mgunda ndiye aliyemalizia msimu. Watu watatu, mawazo matatu, msimu mmoja. Nani atashangaa mabao yakipungua?

Lakini jibu hilo lina tundu. Msimu wa mabao 75 nao ulikuwa na makocha watatu. Zoran Maki aliuanza akaondoka baada ya muda mfupi, Mgunda akashika usukani, kisha Robertinho akafika Januari 2023. Kama kubadili makocha kungetosha kuua mashambulizi, Simba isingefunga mabao 75. Mabadiliko ya benchi huumiza, hilo halina ubishi, lakini hayawezi kuwa maelezo yote ya mwaka wa pili wakati mwaka wa kwanza yalikuwepo pia.

Jibu la pili ni uchovu wa mashindano ya Afrika. Hilo nalo halikai vizuri. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa katika misimu yote miwili. Yanga kwa upande wao walicheza hadi fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wote walisafiri, wote walichoka. Uchovu uliokuwa kwa wote hauelezi kwa nini mmoja alipanda na mwingine akashuka.

Tofauti inaonekana zaidi mahali pengine: katika watu waliozoea kucheza pamoja. Januari 2024, msimu ukiwa katikati, Simba iliachana na washambuliaji wawili kwa mara moja, Moses Phiri wa Zambia na Jean Baleke wa Kongo. Mahali pao wakaletwa Freddy Koublan na Pa Omar Jobe. Haijalishi wageni hao walikuwa na kipaji gani. Mshambuliaji mpya hajui kama winga wake hupiga krosi mapema au husubiri. Hajui kiungo wake hutazama upande gani kabla ya kupenyeza mpira. Mambo hayo hujengwa kwa miezi, na Simba iliyabomoa mechi zikiwa zinaendelea.

Nyuma ya washambuliaji kulikuwa na pengo jingine. Clatous Chama, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mtengenezaji mkuu wa nafasi za Simba, alisimamishwa na klabu Desemba 2023 kwa sababu za nidhamu. Kisha akaenda na Zambia kwenye Kombe la Afrika nchini Côte d'Ivoire. Shabiki aliyekaa mbele ya televisheni anamwona mshambuliaji anayekosa bao. Mpira ambao haukupigwa kabisa, kwa kuwa aliyezoea kuupiga hayupo, hauonyeshwi na kamera yoyote.

Na kuna umri. John Bocco, nahodha wa miaka mingi, na Ntibazonkiza, aliyezaliwa mwaka 1987, walikuwa katika miaka ya mwisho ya kazi yao. Mchezaji wa umri huo anaweza kutoa msimu mmoja mkubwa. Kumtegemea atoe wa pili ni kukopa bila kujua utalipa na nini.

Kwa nini Yanga haikuanguka

Yanga ilimpoteza Mayele, lakini haikupoteza njia za kumfikishia mpira. Baadhi ya viungo waliokuwa wakimlisha walibaki, na juu yao wakaongezwa Pacôme Zouzoua wa Côte d'Ivoire na Max Nzengeli, aliyetoka AS Maniema Union ya Kindu. Kocha Miguel Gamondi aliyempokea kijiti Nasreddine Nabi alikaa msimu mzima. Stephane Aziz Ki, ambaye si mshambuliaji wa kati bali kiungo, alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi.

Maana yake ni kwamba pasi zilizokuwa zikimfikia Mayele hazikwenda naye Misri. Zilibaki Jangwani zikapata miguu mingine. Mayele mwenyewe hakuharibikiwa pia: mwaka 2025 Pyramids ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, yeye akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao 6. Klabu iliendelea kufunga, naye aliendelea kufunga. Hakuna aliyeondoka na nyota ya mwenzake.

Hapo ndipo penye somo kwa ekipe yoyote, iwe ya Dar es Salaam au ya Mulongwe. Bao ni mwisho wa safari ya mpira. Anayetaka kujua kwa nini mabao yamepungua aifuate safari hiyo kuanzia nyuma: nani aliupokonya, nani aliupitisha katikati, nani aliufikisha pembeni, wangapi walikuwa ndani ya eneo la hatari ulipofika. Mfungaji ni kituo cha mwisho tu.

Sehemu ya bahati

Kuna sababu nyingine ambayo watu huipenda kidogo kuliko zote, kwa kuwa haina mtu wa kulaumiwa. Ni bahati, na bahati inaweza kupigiwa hesabu.

Katika mpira wa kiwango cha juu, takriban shuti moja katika kumi huwa bao. Timu inayopiga mashuti kumi kila mechi, katika mechi kumi itapiga mia moja na kutarajia mabao kumi hivi. Lakini mashuti hayasikii amri. Timu hiyohiyo, ikicheza vilevile bila kubadilika chochote, inaweza kupata 13 mwaka mmoja na 7 mwaka unaofuata. Mwamba wa lango, kipa aliyeamka vizuri, jiwe dogo kiwanjani: hivyo peke yake vinatosha kuleta tofauti ya mabao sita. Katika shampiona ya mji yenye mechi chache, nguvu ya bahati huwa kubwa kuliko katika ligi ya mechi 30.

Tena mwaka uliokuwa mzuri kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwaka wa kawaida zaidi. Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hilo mwaka 1886 kwa kupima urefu wa watu: watoto wa wazazi warefu sana mara nyingi walikuwa warefu, lakini si kama wazazi wao. Wamarekani, ambao katika mchezo wa besiboli huandika kila mpira unaorushwa, wameizoea hali hiyo. Mpigaji aliyevuka kiwango chake mwaka mmoja hushuka mwaka unaofuata bila kuumwa wala kulogwa. Amerudi pale alipo siku zote.

Mabao 75 ya Simba yalikuwa na sehemu ya namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na mechi kama ile ya Desemba 2022 ambapo Tanzania Prisons walifungwa 7-1. Mechi moja ya namna hiyo huipamba hesabu ya mwaka mzima. Isipojirudia, mwaka unaofuata huonekana umepungukiwa hata kama timu haijaharibika sana.

Wavuvi wa ndagala wa Kalundu hawahitaji kufundishwa hili. Wanajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na hakuna anayeuza wavu wake kwa sababu ya usiku wa mbalamwezi. Wanajua pia kwamba mitumbwi miwili inaweza kutoka usiku mmoja na nyavu za aina moja, mmoja ukarudi umejaa na mwingine na kikapu kimoja. Mvuvi hupima kazi yake kwa miezi mingi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, jioni akienda kutazama mpira, hutaka mshambuliaji afukuzwe kwa mechi tatu.

Uvumilivu wa Leopards

Wakongomani wana mfano wao wa karibu wa kile kinachotokea kesi isipoharakishwa. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024, Leopards walitoka sare mechi zote tatu za kundi: 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, 0-0 na Tanzania. Mabao mawili katika mechi tatu. Cédric Bakambu alikosa penalti dhidi ya Morocco. Hiyo ilitosha kabisa kwa wale waliotaka kikosi kipinduliwe.

Kocha Sébastien Desabre hakukipindua. Misri waliondolewa kwa penalti baada ya sare ya 1-1, na katika robo fainali Guinea walifungwa 3-1. Kongo ilimaliza ya nne. Anayesoma mechi tatu za kwanza peke yake angesema hiyo ni timu isiyojua kufunga. Ilikuwa timu iliyofika langoni mara nyingi na kusubiri mpira uingie.

Huo si ushauri wa kuvumilia kila kitu. Wapo washambuliaji wavivu, wapo wanaofika mazoezini wakiwa wamechelewa nusu saa, wapo makocha wanaopanga kwa kujuana. Hao waambiwe, na wasipobadilika waondoke. Suala ni mpangilio wa maswali. Kumwondoa mtu liwe jibu linalofikiwa baada ya kuuliza. Mjini Uvira kwa kawaida ndilo linalotangulia, na baada yake hakuna anayeuliza tena.

Uvira, ni nani hayupo?

Ukiufuata mpira wa Uvira kwa mpangilio huo, mambo mengi yanayoitwa uchawi hupata majina ya kawaida.

Bujumbura iko chini ya kilomita 40 kwa barabara. Kiungo mzuri wa Kasenga au wa Kimanga akiitwa na klabu ya Burundi, huondoka, na ni haki yake. Kinachobaki ni mshambuliaji asiyepata mpira, na ndiye anayezomewa. Mwaka mwingine mpaka wa Kavimvira hufungwa, aliyekuwa anakuja siku ya yenga kucheza hawezi kuvuka, na ekipe inaingia kiwanjani na watu waliokutana asubuhi hiyo.

Kuna maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika kartie za chini. Kijana ambaye nyumba yao imeingiliwa na maji hafanyi mazoezi ya krosi. Anabeba mawe, anasaidia mama kuhamisha vyombo. Uwanja uliojaa matope nao huua mpira wa pasi fupi na kuipa faida ekipe inayopiga mbele tu. Ekipe iliyozoea kufunga kwa pasi itashuka mwaka wa mvua nyingi, hata wachezaji wakiwa walewale kumi na mmoja.

Na kuna vita. Desemba 2025, mapigano yalipoufikia mji, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Miongoni mwa watu wengi hivyo hawakosi mabeki wa kulia, makipa, wapiga krosi, na wazee waliokuwa wakifungua mlango wa ghala la mipira. Ekipe zilizokatwa namna hiyo haziwezi kulinganishwa na zilivyokuwa mwaka uliotangulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumwita mshambuliaji aliyebaki mkosi, wakati watu sita waliokuwa wakimlisha wametawanyika katika kambi, ni ukatili juu ya ukatili.

Kuna na mambo madogo yasiyosemwa kwa sababu yanaleta aibu. Mchezaji aliyelala njaa hukimbia dakika 60 tu, na mabao mengi hupatikana mwishoni, mabeki wakiwa wamechoka. Anayevua usiku hana miguu mchana. Mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari hupotea mazoezini karibu na mtihani wa serikali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mganga wa kienyeji ili kijulikane. Kinahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika.

Kaye moja ya shule

Klabu kubwa za Ulaya zina kamera na watu wanaolipwa kuhesabu kila pasi. Uvira haina hayo, na kwa kuanzia haiyahitaji. Kaye moja ya shule na kalamu vinatosha. Mtu mmoja asiyecheza, labda kijana aliyeumia goti, apewe kazi ya kukaa pembeni na kuandika mambo matano katika kila mechi: ekipe ilipiga mashuti mangapi; mangapi yalipigwa ndani ya eneo la hatari; nani alitoa pasi ya mwisho; nani hakuwepo na kwa nini; uwanja ulikuwaje.

Baada ya mechi kumi, kaye hiyo itajibu maswali ambayo kelele za mtaani haziwezi kuyajibu. Ikiwa mashuti ni mengi kama mwaka jana na yanapigwa karibu, lakini mabao yamepungua, dawa ya kwanza ni subira na mazoezi ya kumalizia. Mshambuliaji huyo aachwe acheze. Ikiwa mashuti yamepungua, tatizo liko nyuma yake, katikati au pembeni, na kumfukuza hakutaleta hata shuti moja zaidi. Ikiwa mashuti ni mengi lakini yanapigwa kutoka mbali, basi hakuna anayeweza kupenya, na kocha ajue anachopaswa kufundisha Jumanne. Ikiwa majina ya wasiokuwepo ni mengi kila wiki, komiti iache kuzungumza mpira na ianze kuzungumza chakula, ada na usafiri.

Wengine watasema hizo ni kazi za wazungu, kwamba mpira ni moyo. Moyo unahitajika. Lakini mama anayeuza mikeke sokoni Mulongwe anajua alinunua kwa franka ngapi, aliuza kwa ngapi, na siku gani hasara ilitokana na jua na siku gani ilitokana na mteja aliyekopa. Asingejua hayo, biashara ingekufa kwa mwezi mmoja. Hakuna anayemwambia kwamba hesabu zinaharibu moyo wa biashara yake.

Wengine watasema fetishi nao wanachukua kidogo tu. Yafaa komiti ifanye jumla ya kile kidogo kwa msimu mzima, iandike katika kaye ileile, na iweke pembeni yake bei ya mipira, ya maji ya kunywa na ya nauli za wachezaji wanaotembea kutoka mbali. Wachezaji waonyeshwe kurasa hizo mbili. Wao ndio wanaokimbia.

Msimu mpya utakapokaribia, komiti za ekipe zitakaa tena, Uvira, Kiliba, Makobola na kwingineko katika mwambao, na ajenda ya kwanza itakuwa ileile: nani aondoke. Kiongozi mwenye kupenda ekipe yake anaweza kubadili jambo moja katika kikao hicho. Kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, asome kwa sauti orodha ya waliokuwepo mwaka ambao mabao yalikuwa mengi, kisha orodha ya waliokuwepo mwaka ambao yalipungua. Kijana aliyezomewa msimu mzima awe ndani ya chumba orodha hizo zinaposomwa, asikie mwenyewe ni wangapi waliokuwa wakimpa mpira, na ni wangapi waliobaki.